Karatasi ya Waliojitoa

Karani Naftaly Kahiga alikuwa na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na moja tu ndiyo iliyokuwa na wino. Wamaitha alilijua hilo, na kila alipomwona akizigusagusa zile kalamu kabla ya kufungua mdomo, roho ilimchafuka. Asubuhi ile ya Alhamisi karani alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo, amekwisha kuzigusa zote tatu, anasoma karatasi iliyopigiliwa pale kwa misumari miwili.

"Nani ameandika takataka hii?" akauliza.

"Ni mimi," Wamaitha akajibu. "Na kama ni takataka, mbona umeisoma mpaka chini?"

Wanawake waliokuwa wakingoja kupewa vikapu vya kuchumia pareto wakacheka. Karani hakucheka. Mwanamume aliyesoma hadi darasa la sita misheni hachekwi na wachuma maua, tena mbele ya stoo anayoshika funguo zake.

Juu ya karatasi paliandikwa neno moja kwa herufi kubwa zilizolalia upande: WALIOJITOA. Chini yake yalifuata majina kumi na manne. Wamaitha alikuwa ameanza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, kanisani mwaka mmoja tu uliopita, na kila herufi ilimtoa jasho, kwa hiyo hakuongeza kwamba watu hao walijitoa kufanya nini. Kulikuwa na haja gani? Laini nzima ya wafanyakazi ilijua. Jina lake mwenyewe aliliandika mwisho kabisa, kama mwenye nyumba anayejipakulia baada ya wageni.

"Ulitaka kuandika waliojitolea," karani akasema kwa sauti ya kufundisha. "Kujitolea, mama. Li. Tia li hapo katikati. Kujitoa ni kuondoka. Mtu akijitoa amekwenda zake."

"Hapa kwetu tunasema kujitoa. Mtu anajitoa, anasaidia wenzake."

"Hapa kwenu mnasema vibaya."

"Mhubiri naye husema Mwokozi alijitoa kwa ajili yetu," Wamaitha akamwambia. "Alikuwa ametoroka?"

Hapo hata Cherono, ambaye si mwepesi wa kucheka, alishika mbavu. Jerop alilazimika kuweka kikapu chini. Karani alibadilika rangi, akazigusa kalamu zake tena, moja, mbili, tatu. Angeweza kuing'oa ile karatasi hapo hapo, na mambo yote yaliyofuata yasingetokea. Hakuing'oa.

"Iacheni ikae," akasema. "Kila anayepita aone elimu ya ngumbaru."

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini wanawake na wanaume kumi na wanne walikuwa tayari kupoteza Jumamosi yao bila malipo, ni lazima kwanza ayajue yale maji. Shamba la mzungu waliyemwita Bwana Kipara lilikuwa juu kule, upande wa Kuresoi, mahali ambapo ukungu huondoka saa nne na kurudi saa tisa kana kwamba umeajiriwa. Chini ya laini za wafanyakazi palikuwa na chemchemi moja. Hapo ndipo kila nyumba ilipochota maji ya kunywa, na hapo hapo ndipo kondoo wa Bwana walipoteremshwa kunywa, mia tatu kwa mkupuo mmoja, wakikanyaga na kukojoa na kuacha vyao. Mwezi wa tatu mtoto wa Jerop aliharisha siku nne, akazikwa siku ya tano. Watu walimwendea nyapara, nyapara akasema ataona. Aliona nini, Mungu ndiye ajuaye.

Wamaitha ndiye aliyesimama kanisani baada ya maombi na kusema, "Tukimngoja Bwana tutakunywa mkojo mpaka tuzeeke. Nani anajitoa?" Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine. Wakikuyu walio pale wakaiita ngwatio, kazi ya kusaidiana, jirani zao Wakipsigis wakaiita kwa jina lao, na ambao hawakutaka kufanya kazi wakaiita wazimu.

Mwanamke huyu hakuwa mpole, na hakujisingizia upole. Alikuwa mjane, na mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imemtoa yeye na wenzake Olenguruone. Askari walikuja, mahindi yakafyekwa yakiwa bado mabichi, nyumba ikatiwa moto, yeye akapakiwa kwenye lori na mbuzi wa watu asiowajua. Mwanawe Ndung'u alipata kazi ya reli Nakuru. Yeye na Mugure, mke wa Ndung'u, walipata kibanda na kipande cha shamba la viazi kwa Bwana Kipara. Siku alipokifagia kile kibanda mara ya kwanza alimwambia Mugure kwamba yeye hatapandishwa lori tena, labda wampandishe maiti. Tena alilisema mara nyingi, mpaka Mugure akachoka kulisikia.

Jambo moja Wamaitha hakulijua Alhamisi ile, na alikuja kulijua maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Mwaka huo wa hamsini na moja mabwana wa mashamba walileta mkataba mpya: siku za kazi ziongezwe, kondoo wa wafanyakazi wapunguzwe, shamba la mtu likatwe nusu. Hakuna aliyekubali, na hakuna aliyekataa waziwazi. Ukiitwa kuweka kidole gumba, tumbo linauma. Ukiitwa tena, kuna msiba Molo. Bwana Kipara akachoshwa na matumbo na misiba, akamwambia karani: "Jumamosi mimi nataka majina ya watu nakataa. Hapana majina, mimi natafuta karani ingine." Na karani, ambaye watu walimkwepa kama harufu, hakuwa amepata hata jina moja.

Jumamosi kumi na wanne walifika wote. Wamaitha aligawa kazi kwa ukali uleule aliofanyia kila kitu. Wanaume walizoa tope kwa madebe. Wanawake walibeba mawe kutoka kijitoni na kuyapanga duara kuzunguka jicho la maji. Kimaiyo, mume wa Cherono, alikuwa ameleta machipukizi ya mianzi kutoka msitu wa Mau, akayapanda kwenye ukingo ili mizizi ishike udongo. Kuzunguka yote hayo walichomeka michongoma, ili kondoo wapite upande wa chini.

"Usipande karibu hivyo, Kimaiyo. Unapanda mianzi au unasuka mkeka?"

"Mama Ndung'u, mimi nimepanda miti kabla hujajua kushika jembe."

"Basi mbona imepinda?"

Ndivyo walivyofanya kazi, wakitukanana kutwa nzima, na kazi ikaenda. Saa kumi maji yalianza kupanda polepole ndani ya duara la mawe, kwanza ya rangi ya chai, halafu meupe. Jerop alichota kwa kiganja, akanywa, akakaa chini akalia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wakipanda kurudi laini, Wamaitha aliona mlango wa stoo ni mtupu. Ile misumari miwili ilikuwepo, karatasi haikuwepo. Akadhani ni upepo. Hata akafurahi, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na majina hayakuwa na haja tena.

Jumatatu, kipande cha reli kilipogongwa kuwaita watu, Bwana Kipara alikuja mwenyewe. Si kawaida yake. Alikuwa amevua kofia, kipara chake chekundu kwa baridi, na mkononi alikuwa na ile karatasi. Nyuma yake alisimama karani, macho yake kwenye viatu.

"Mimi hapana gombana na mtu," Bwana akasema. "Mtu nataka kukaa, nakaa. Mtu nataka kujitoa, najitoa. Hii watu kumi na nne nasema yeye najitoa. Mzuri. Jumamosi lori nakuja. Nyumba wazi, shamba wazi, kondoo hapana baki. Karani, soma."

Karani akasoma. Alisoma vizuri, kila jina na herufi zake. Kimaiyo. Cherono. Jerop. Kiptanui, aliyekuwa na mke mgonjwa. Kila jina liliposomwa mwenyewe aliangalia kushoto na kulia, kama mtu aliyeitwa kwa makosa ya mwingine. Jina la mwisho likawa Wamaitha.

Bwana alipoondoka hakuna aliyekwenda kwa karani. Wote walimgeukia yeye.

"Umetuandika nini?" Kiptanui akauliza. "Mimi nilinyoosha mkono kanisani nizoe tope. Nani alikwambia unipeleke kwa mzungu?"

"Sikupeleka popote. Nilibandika mlangoni."

"Kwa nini uandike? Tulikuwa tunajuana kwa sura! Tulihitaji karatasi ya nini?"

Hilo ndilo lililomchoma, kwa sababu halikuwa na jibu la heshima. Karatasi haikuhitajiwa na mtu yeyote. Aliiandika kwa sababu alikuwa amejua kuandika, akataka ionekane. Hata Mugure, mtoto mgongoni, alimtazama kwa jicho kavu na kusema mbele za watu, "Karani alikwambia, mama. Alikwambia neno hilo ni baya, ukamcheka."

Ni Cherono aliyemletea habari kamili siku hiyo hiyo mchana. Cherono alikuwa akikamua ng'ombe wa Bwana, na Ijumaa jioni alikuwa kwenye zizi la maziwa, Bwana na karani wakiwa nje ya ukuta wa mbao.

"Bwana alikuwa na ile karatasi," Cherono akasema. "Akauliza, hii neno nasema nini? Karani akanyamaza. Bwana akauliza tena, na hasira. Karani akasema: kujitoa ni kuondoka, Bwana, kwa Kiswahili safi. Basi. Hayo tu. Bwana akasema, kumbe umefanya kazi mzuri, akampiga bega."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilijua ni ya nini? Nilidhani anamfundisha Kiswahili." Cherono akatema mate chini. "Usinitafutie makosa, Mama Ndung'u. Leo mwenye makosa tunamjua."

Wamaitha hakungoja jua lishuke. Alimkuta karani nje ya nyumba yake ya mabati, ndiyo peke yake yenye mabati, akipaka viatu rangi. Alipomwona aliendelea kupaka, lakini mkono ulipaka mahali pamoja.

"Wewe unajua karatasi ile ilikuwa ya nini," Wamaitha akasema.

"Ninajua kilichoandikwa."

"Ulijua. Ulisimama pale juu Jumamosi ukatuona tukizoa mavi ya kondoo. Ulituona!"

"Niliulizwa maana ya neno, nikasema maana ya neno. Nilidanganya wapi?" Akainua uso, na Wamaitha akaona kwamba mtu huyu hakuwa na furaha ya ushindi hata kidogo. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilimfanya achukize zaidi. "Angenifukuza, mama. Nina watoto watano. Nyinyi wote mnanikimbia kila siku, hakuna hata mmoja wa kuniambia ndiyo au hapana. Nikamwambie Bwana nini?"

"Kwa hiyo ukampa sisi."

"Nyinyi mlijiandika."

Akatamani kumpiga na kile kiatu chake. Lakini hasira haishushi mzigo wa mtu kwenye lori, na siku zilizobaki zilikuwa tano. Akasema, "Twende kwa Bwana. Mwambie ukweli."

"Nikimwambia nilijua, nimekwisha. Hiyo siwezi." Karani akaweka kiatu chini, akafikiri. "Lakini wewe unaweza. Sema hujui Kiswahili. Sema ulikosea, na mimi nilisoma tu ulichokosea. Nami nitasema, kweli Bwana, mwanamke huyu ni mjinga, hajui neno moja na jingine. Hapo atasikia."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu. Bwana hubadili neno mbele ya watu tu, ili asionekane amenong'onezwa."

Wamaitha alirudi nyumbani. Alichukia kazi ile kuliko alivyochukia kifo. Mtu anaweza kusamehe kuitwa mwizi. Kujiita mjinga kwa kinywa chako mwenyewe, mbele ya karani mwenye kalamu mbili kavu, ni jambo lingine kabisa. Lakini asubuhi ya Jumanne alikwenda.

Watu walikuwa wamepangwa mstari, vikapu mikononi. Wamaitha akatoka mbele, akasimama hatua tatu kutoka kwa Bwana Kipara, akasema kwa sauti ambayo hakuitambua, "Bwana, ni mimi niliandika ile karatasi. Sijui Kiswahili. Nilisoma ngumbaru, sikushika. Nilitaka kuandika kujitolea, nikaandika kujitoa. Hawa watu hawakukataa mkataba. Walisafisha chemchemi tu."

"Ni kweli, Bwana," karani akasema upesi. "Ni mwanamke mjinga. Hajui neno moja na jingine."

Nyuma yake Wamaitha alisikia mtu akicheka kidogo puani. Hakugeuka kumtafuta.

Bwana Kipara alikunja uso. Alimtaka karani amweleze polepole, kujitolea ni nini. Karani akaeleza: ni mtu kufanya kazi kwa hiari yake, bila kulipwa, kwa faida ya wote. Bwana akamtazama kama anayesimuliwa habari za mwezini.

"Hii watu nafanya kazi siku mzima?"

"Ndiyo, Bwana."

"Hapana posho? Hapana nyapara?"

"Hapana, Bwana."

Bwana akacheka. Alicheka mpaka kipara kikazidi wekundu, akatoa kitambaa, akajifuta. "Na mimi nalipa watu!" Kisha akaacha kucheka, na kila aliyemjua alijua kwamba hapo ndipo hatari ilipoanza. "Mzuri. Lori hapana kuja. Hii kumi na nne naweka kidole kwa mkataba, leo, hapana tumbo, hapana msiba. Na kila Jumamosi nafanya hii kujitolea. Mimi nataka bwawa ya kondoo, hapo hapo kwa chemchemi. Kumi na nne, mimi nahesabu. Moja hapana kuja, yote naenda. Karani, andika hii neno mzuri."

Na karani akaandika. Alitumia ile kalamu yenye wino, na mwandiko wake, lazima isemwe, ulikuwa mzuri. WANAOJITOLEA. Hakuna herufi iliyolalia upande. Akaipigilia karatasi kwenye ile ile misumari, na watu kumi na wanne wakapita mmoja mmoja kuchovya kidole kwenye wino. Mkataba walioukwepa miezi sita ukashika kwa nusu saa. Wale wengine waliobaki, wiki haikuisha, nao wakaweka vidole. Wangesimama na nani?

Mtu angedhani sasa Wamaitha angeshukuriwa. Watu walikuwa na nyumba zao, si ndiyo? Kiptanui alimwambia mkewe mgonjwa kwamba hawaendi popote, na mwanamke yule akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Lakini watu walipokutana na Wamaitha njiani walitazama majani. Wengine walimlaumu kwa lori, wengine kwa bwawa, na wajanja walimlaumu kwa vyote viwili. Jerop hakusema kitu chochote, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, maana ni yeye aliyekuwa ameyanywa yale maji kwa kiganja.

"Ungetuacha twende," Cherono akamwambia wakiwa kwenye pareto. "Watu wa Kimaiyo wako Kericho. Tungefika kwao. Sasa nimefungwa hapa kwa kidole changu mwenyewe."

"Jumatatu ulinilaumu kwa sababu unafukuzwa. Leo unanilaumu kwa sababu unabaki."

"Ndiyo," Cherono akasema, akiendelea kuchuma. "Vyote viwili umevileta wewe."

Ijumaa jioni Wamaitha alimwambia Mugure kwamba wafunge mizigo waende Nakuru kwa Ndung'u. Alilisema kwa kulijaribu tu, kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo.

Mugure alikuwa akimenya viazi. "Ndung'u analala chumba kimoja na wanaume watano wa reli. Nitalala juu ya nani?"

"Tutatafuta pengine."

"Mama, nina mistari minane ya viazi haijachimbwa. Nina mtoto. Mimi si wa kutembezwa barabarani kwa sababu wewe umegombana na karani." Akatupa kiazi sufuriani, maji yakaruka. "Na ukiondoka wewe peke yako, watu kumi na watatu watatolewa. Hata hilo huoni?"

Aliliona. Ndiyo maana hakulala vizuri, na ndiyo maana Jumamosi alfajiri alichukua jembe lake na kuteremka na wengine.

Bwana Kipara alikuwa amekwisha kufika, amekaa juu ya farasi wake, mjeledi magotini. Karani alisimama karibu na duara la mawe akiwa na karatasi. Ukungu ulikuwa haujainuka, na maji yalikuwa meupe kabisa, yametulia, mtu angeweza kuhesabu mawe ya chini. Wiki nzima watoto walikuwa wameyanywa, na hakuna aliyeumwa tumbo.

"Kwanza toa hii mawe," Bwana akasema. "Toa hii miti. Halafu chimba."

Hakuna aliyesogea. Kimaiyo alitazama mianzi yake. Ilikuwa imeanza kushika, majani mapya mawili matatu, na ilikuwa imepinda kweli. Karani akakohoa, akaanza kuita majina.

"Kimaiyo!"

"Niko."

"Cherono!"

"Niko."

"Jerop!"

Jerop akakawia. Halafu akasema niko, sauti ikitoka kama inachimbwa.

Yakaendelea mpaka la mwisho. "Wamaitha!"

Wamaitha akafungua mdomo ajibu kama wengine. Alikuwa ameazimia kujibu. Lakini Kiptanui, kwa bidii ya mwenye hofu, alikuwa amekwisha kuinama na kung'oa jiwe la kwanza, na tope likaingia ndani ya maji kama moshi, likaenea. Wamaitha akalitazama mpaka likafika upande wa pili.

"Nimejitoa," akasema.

Karani akainua macho. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, haikugusa. Aliuliza kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliuliza kwa sababu hakujua. "Umejitoa vipi, mama? Umejitolea, au umejitoa?"

"Wewe ndiye mwenye Kiswahili safi. Andika."

Akalaza jembe juu ya nyasi, akageuka, akaanza kupanda kile kilima. Hakuchukua chochote. Alikuwa na shuka begani na viatu vya mpira miguuni, na njia ya Molo aliijua. Hatua za kwanza zilikuwa nyepesi ajabu. Hakuna lori, hakuna askari, hakuna mbuzi wa watu. Alijisikia furaha kali, furaha ya hasira, na aliipenda.

"Wapi huyu naenda?" Bwana akapaza sauti. "Karani! Mimi nasema kumi na nne!"

Kwenye hatua ya ishirini furaha ikamwisha. Akamkumbuka mke wa Kiptanui amelala kibandani. Akamkumbuka Jerop na kaburi dogo nyuma ya nyumba, kaburi lisiloweza kupakiwa kwenye lori lolote. Akaanza kujitukana kwa Kikuyu, matusi mazito aliyokuwa akimwekea karani, na mguu wake ukasimama. Angerudi. Angeinama mbele yao kwa mara ya pili, angeng'oa yale mawe kwa mikono yake, na wangemchukia kila Jumamosi mpaka azeeke. Akageuka.

"Wamaitha!" karani akaita tena, sauti ikimpasuka. "Wamaitha!"

"Niko," sauti ikajibu.

Ilikuwa sauti ya Mugure. Alikuwa ameteremka kwa njia ya pili, mtoto mgongoni, na sasa alikuwa amesimama mwisho wa mstari, pale pale mahali pa Wamaitha, jembe la Wamaitha mkononi. Hakutazama juu kilimani. Karani akatia alama kwenye karatasi. Bwana Kipara akahesabu kwa ncha ya mjeledi, akafika kumi na nne, akaitikia kwa kichwa kwamba imetosha.

Wamaitha akabaki amesimama katikati ya kilima, mguu mmoja umeelekea chini na mwingine njia ya Molo. Wote pale chini walijua yuko pale, na hakuna aliyemwita. Kisha wakainama pamoja, na majembe yakaanza kusikika.